Nne Ndani ya Nane

Jumatano, 5 Agosti

Madaftari tisini na nne. Nimesahihisha hamsini na moja, mkono umegoma. Yaliyobaki kesho. Wiki ijayo naanza kuwafundisha Darasa la Tano Kigawe Kidogo cha Shirika, KDS, na bado kuna wanaohesabu kwa vidole.

Nimerudi kutoka shule nimekuta begi la bluu halipo msumarini. Baba Nasra kaenda Pugu kwa mke mwenzangu. Zamu yangu imekwisha jana. Siku mbili kwangu Chamazi, siku mbili kwa Mama Ilham Pugu, tena kwangu, tena kwake. Ndivyo tulivyokubaliana alipomwoa, miaka mitatu sasa. Nilikubali kwa mdomo wangu mwenyewe, mbele ya kaka yangu. Sina ugomvi na hilo.

Nina ugomvi na kalenda. Imetundikwa jikoni, juu ya ndoo ya maji. Tangu Januari nazungushia kalamu nyekundu siku ambazo Baba Nasra hana kazi. Kiwandani kwao wanakwenda kwa shifti: siku mbili asubuhi, mbili jioni, mbili usiku, mbili mapumziko, kisha wanaanza upya. Jozi ishirini na saba za maduara mekundu. Zote zimeangukia zamu ya Pugu. Si nyingi. Si karibu zote. Zote.

Mimi napata shifti ya asubuhi, anapoamka saa kumi alfajiri na kusinzia kabla ya Isha. Na napata ya usiku. Hiyo nayo kuiita zamu ni kujifariji.

Jumamosi, 8 Agosti

Karudi kutoka kazini saa moja asubuhi. Buti mlangoni.

Buti zikiwa mlangoni nyumba nzima inashusha sauti. Redio hakuna. Pazia limefungwa. Nasra anatembea kwa ncha za vidole kwenye nyumba ya babake. Leo sikukuu ya Nane Nane, watoto wa jirani wako nyumbani, wamecheza mpira ukutani kwetu mpaka nimetoka kuwafukuza. Nimegeuka mlinzi wa usingizi wa mtu, na malipo yake ni kukoroma.

Nasra ana miaka tisa. Likizo ya mwezi wa sita alikaa Pugu wiki nzima. Leo anaosha vyombo, kauliza tu, bila kuniangalia: "Mama, mbona kule Baba halalagi mchana?"

Nimemwambia amalize vyombo.

Jumapili, 9 Agosti

Jozi ya ishirini na nane. Pugu.

Mama Ilham kaweka picha kwenye status. Baba Nasra kakaa mkekani, kampakata Ilham, anamkata kucha. Anacheka. Kavaa shati la kijani nililolipiga pasi mimi juzi. Nimeitazama picha ile mara nne. Ataliona jina langu kwenye walioangalia. Shauri yake.

Nina wivu. Naandika hapa kwa sababu sitalisema popote. Sina wivu wa kitanda, huo ulikwisha mwaka wa kwanza. Nina wivu wa kucha. Nasra hajakatwa kucha na babake tangu aanze darasa la pili.

Nimempigia simu Kaka Athumani, Mbagala. Nimemwambia huyu mtu kapanga na msimamizi wake wa shifti ili mapumziko yote yawe kule. Haiwezekani ikatokea yenyewe mara ishirini na nane. Nimemwambia nataka talaka yangu. Kaka kauliza kama nimekula. Nimekata simu.

Jumatano, 12 Agosti

Nimemwambia. Alikuwa ametoka shifti ya asubuhi, anakula. Nikaishusha kalenda ukutani, nikaiweka kando ya sahani yake. Nikamwambia wewe si mwadilifu, umempanga msimamizi, na nimeshamwambia kaka.

Kaangalia kalenda kwa muda mrefu. Kasema hajampanga mtu. Kamaliza wali. Kalala saa mbili.

Kama angefoka ningemwamini zaidi.

Kikao ni Jumapili ya tarehe 23, kwa kaka. Upande wake atakuja baba yake mkubwa, Mzee Shomari. Nasra hajui kitu. Nimemfokea leo kwa sababu ya kijiko.

Alhamisi, 13 Agosti

Somo la KDS. Nimewapa kengele mbili. Moja inalia kila dakika nne, nyingine kila dakika sita. Zimelia pamoja sasa hivi, zitalia tena pamoja baada ya dakika ngapi? Nusu ya darasa wameandika 24. Wamezidisha tu, wakafunga daftari, wakaanza kuchungulia dirishani. Jibu ni 12.

Nikabadilisha. Dakika nne na dakika nane. Hapo ndipo palipoharibika. Wameandika 32, mstari kwa mstari, kama waliopigiwa muhuri. Rehema, anayekaa dawati la mbele na hakubali kushindwa, kasimama: "Mwalimu, si tunazidisha?"

Nikaandika ubaoni vigawe vya nne: 4, 8, 12, 16, 20, 24. Chini yake vya nane: 8, 16, 24. Nikawaambia, angalieni, nne imo ndani ya nane. Hakuna kusubiri mpaka 32. Kila kengele kubwa, ya dakika nane, inapolia, ndogo nayo inalia, na ni mlio wake uleule wa pili. Wa kwanza hautakutana na kubwa hata mkae hapa mpaka mzeeke.

Wamecheka. Kengele ya mapumziko ikalia. Nikabaki nimeshika chaki. Kuna kitu kilinigusa, sikujua ni nini.

Ijumaa, 14 Agosti

Nimejua. Nilikuwa nasahihisha. Daftari la Rehema, kafuta 32 na kuandika 8, kwa hasira mpaka karatasi imetoboka.

Zamu yetu inazunguka kwa siku nne. Shifti yake inazunguka kwa siku nane.

Mungu wangu.

Jumapili, 16 Agosti

Buti mlangoni. Kalala. Nimekaa jikoni na karatasi.

Zamu: mbili zangu, mbili za Pugu. Siku nne. Shifti: siku nane. KDS ya nne na nane ni nane. Kwa hiyo kila siku nane kila kitu kinarudi palepale kilipokuwa. Siku ya kwanza na ya pili, asubuhi, zangu. Ya tatu na ya nne, jioni, za Pugu. Ya tano na ya sita, usiku, zangu. Ya saba na ya nane, mapumziko, Pugu. Halafu tena. Halafu tena. Ingeweza kwenda hivyo miaka hamsini bila mtu yeyote kumpanga msimamizi.

Na nimekumbuka jambo jingine. Nilitamani nisilikumbuke.

Mwaka jana mwezi wa pili alirudi na ratiba ya shifti, imekunjwa mfukoni. Kabla ya hapo alikuwa akifanya kazi Jumatatu mpaka Ijumaa kama watu. Siku nne za zamu na siku saba za wiki, KDS ishirini na nane, Jumapili zilikuwa zinahama zenyewe, leo kwangu, kesho kwake. Hatukuwahi kugombana. Siku ile aliniuliza, sasa kwa ratiba hii itakuwaje? Nilikuwa nasonga ugali. Nikamjibu bila kugeuka: nne mara nane thelathini na mbili, ndani ya siku thelathini na mbili itajizungusha, kila mtu atapata vyake.

Nilizidisha. Mimi. Mwalimu wa hisabati, miaka kumi na nne kazini. Nimezidisha kama Rehema, na sikuwa na mtu wa kunisimamisha ubaoni. Na tangu hapo nimeifundisha mada hii mara moja mwaka jana, na sikuona.

Nimemwita mwanamume mdhalimu na kuitisha ukoo kwa hesabu niliyoikosea mimi.

Jumatatu, 17 Agosti

Aibu haitatui kitu. Nimejaribu namba nyingine.

Siku moja moja: zamu inakuwa ya siku mbili, KDS bado nane, ila kila mmoja anapata siku moja ya mapumziko. Haki ipo. Lakini ni kubeba begi kila siku kati ya Chamazi na Pugu. Atakuwa mgonjwa ndani ya mwezi.

Nne nne: zamu ya siku nane juu ya shifti ya siku nane. Mbaya zaidi, haisogei kabisa. Na siku tatu ndiyo ukomo tuliofundishwa madrasa.

Tatu tatu: zamu ya siku sita. Sita na nane. 24.

Nimechora visanduku ishirini na vinne kwa rula, nyuma ya andalio la somo. Nimejaza kimoja kimoja kwa mkono, siamini tena kichwa changu. Mapumziko: matatu kwangu, matatu kwake. Asubuhi: tatu, tatu. Jioni: tatu, tatu. Usiku: tatu, tatu. Nimehesabu mara ya pili kuanzia mwisho. Tatu, tatu.

Nimelia kidogo. Kwa visanduku.

Jumatano, 19 Agosti

Kaja kwangu, shifti ya asubuhi. Nikasubiri amalize kula. Nikamwambia nimekosea, hukumpanga mtu, ni hesabu. Nikamwonyesha visanduku. Nilitegemea ashangae.

Hakushangaa.

Nikamuuliza, ulikuwa unajua? Kazungusha glasi mezani. Kasema: "Wewe si ndo mwalimu? Ulisema itajizungusha. Nikasubiri." Nikauliza, na ilipogoma kuzunguka? "Nikaona haizunguki." Tangu lini? "Tangu Idi ya mwaka jana."

Idi ya mwaka jana. Zaidi ya mwaka kaona, na kanyamaza.

Nikauliza kwa nini. Kasema kule alikuwa anapumzika, na akianza habari ya kupanga upya angegombana na huku na kule, akakosa hata hapo pa kupumzikia. Kasema alidhani nimeridhika, kwa kuwa sisemi.

Sawa. Hesabu niliikosea mimi. Lakini hesabu haikumtuma anyamaze. Nimelala chumbani kwa Nasra. Talaka sijaifuta.

Ijumaa, 21 Agosti

Nimekwenda Pugu baada ya shule. Baba Nasra alikuwa shifti ya jioni, nilichagua makusudi.

Miaka mitatu sijawahi kukanyaga pale. Nyumba ndogo, safi, ua umefagiwa mpaka unaona mistari ya ufagio. Mama Ilham aliponiona alishika jagi la maji kwa mikono miwili. Kanipa shikamoo ingawa hatupishani miaka sita. Alidhani nimekuja kupigana. Hata mimi njiani sikuwa na hakika.

Nikatoa karatasi. Nikaeleza kengele, nne, nane, kisha mpango wa tatu tatu. Kaelewa haraka kuliko Darasa la Tano. Alipoelewa akakaa chini.

"Dada," kasema, "mie ndo nilikuwa nakuonea wivu wewe." Nikamwambia wacha masihara. Kasema siku za jioni Baba Nasra anaingia kwake saa tano usiku, Ilham kalala, chakula kimepoa, anakula amesimama. Siku za asubuhi yuko kwangu, alasiri keshafika, anakula na mtoto. "Nyie mnakula naye mezani. Mie namfunikia sahani."

Sikuwahi kuzihesabu hizo. Kalenda yangu ilikuwa na kalamu moja tu.

Halafu akaitazama karatasi tena. Nilijua anachofikiria, kwa sababu ningefikiria hivyohivyo. Nilikuwa namwomba anipe nusu ya mapumziko ambayo hakuyaiba. Kasema taratibu kwamba zile siku mbili ndizo Ilham anazomjua babake. Nasra wangu naye yuko hivyo, lakini sikulisema, lingekuwa la kumshinda, na sikwenda kumshinda.

Mwishoni kasema nimhesabie tena siku za jioni, yeye akiona. Nikahesabu, kidole juu ya kila kisanduku. Tatu, tatu. Na zile siku za kula mezani? Tatu, tatu. Kasema haya. Kanifungia maandazi ya Nasra kwenye mfuko.

Jumapili, 23 Agosti

Kikao. Kwa Kaka Athumani, saa nne asubuhi. Wifi kapika pilau kama vile kuna harusi.

Nimeongea wa kwanza. Nimesema mambo mawili. La kwanza, nilimtuhumu Baba Nasra kwamba kapanga shifti, na si kweli, nimekosea, anisamehe. La pili, aliona siku nyingi kwamba haki haipo na akanyamaza kwa sababu ukimya ulimfaa. Hilo si KDS. Hilo ni lake.

Mzee Shomari kaomba karatasi. Kaishika juu chini. Kauliza kama jambo hili lina ubaya wowote katika dini. Nikamwambia siku tatu zinaruhusiwa. Kauliza, na hii namba ishirini na nne nani kaiweka? Nikamwambia hakuna aliyeiweka, ndiyo ndogo kuliko zote ambapo sita na nane zinakutana. Katikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa bei ya kitu.

Kaka amechoka nami. Kauliza wazi: "Sasa talaka unaitaka au huitaki? Tujue."

Baba Nasra akainua mkono kabla sijajibu, kama mwanafunzi. Kasema: "Nimekosa. Niliona nikanyamaza." Hakusema zaidi. Alikuwa anatazama zulia. Sijawahi kumsikia akisema nimekosa mbele ya watu, hata kwa mamake.

Nikasema siitaki. Kaka kasema leo? Nikasema leo. Kaka kasema basi tule.

Hasira haijaisha. Imepungua, imebaki kiasi ninachoweza kubeba.

Jumanne, 25 Agosti

Jana nimechora kalenda mbili mpaka mwisho wa mwaka, rangi nne safari hii. Moja jikoni, moja nimempa Baba Nasra aipeleke Pugu ikiwa imekunjwa ndani ya begi. Tunaanza Alhamisi, kwangu, kwa kuwa leo na kesho yuko kule.

Nimempigia simu Mama Ilham kumwambia mapumziko ya kwanza yataangukia kwangu, Jumatano na Alhamisi ya wiki ijayo. Nimemwambia mapema asije akadhani nimeyapanga. Yake yatakuja, aangalie kisanduku cha kumi na sita.

Kasema, "Nimeshaona, dada. Nami nimehesabu."

Amehesabu. Vizuri. Ningekuwa yeye nami ningehesabu.

Jumapili, 30 Agosti

Jana ilikuwa siku yangu ya tatu, na kwa mara ya kwanza shifti ya jioni imeangukia kwangu. Kaingia saa tano usiku. Nasra kalala akimsubiri, kichwa juu ya meza. Nilikuwa nimefunika sahani. Kala amesimama.

Sasa najua.

Jumatano, 2 Septemba

Leo shuleni tumeingia mada ya sehemu. Rehema kauliza kama ile KDS itatumika tena huku. Nimemwambia utaichoka.

Nimefika nyumbani saa kumi na nusu. Mlangoni hapakuwa na buti. Pazia limefunguliwa. Nikazunguka uani.

Alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, mguu wa Nasra juu ya goti lake, wembe mkononi. Anamkata kucha. Alikuwa amefika kidole cha nne. Nasra alikuwa anamsimulia habari ya mwalimu wao wa Kiingereza, kwa sauti kubwa, ya kusikika mpaka kwa jirani.

Nikafungua mdomo nimwambie ashushe sauti. Nikakumbuka.

Nimeweka madaftari chini, nikavuta ndoo nyingine.